Kituruki cha Kumuulizia Perisi

Jumatatu, 4 Agosti

Salamu kwanza, kama kila asubuhi, huku nabangua karanga. Nazisema kwa sauti. Hatije mkwe wangu, hujambo. Baba Emre hajambo? Emre mwenyewe, kazi inaendaje? Perisi mwanangu hajambo, na tumbo lake? Huku Baba Perisi hajambo, vumbi tu linamkaba kifua. Bibi hajambo, ila goti. Loisi hajambo, yuko kidato cha tatu, mvivu wa vyombo. Mimi sijambo. Mbuzi wazima.

Yote hayo kwa Kituruki. Kwenye mbuzi bado nakwama.

Mwezi wa tano sasa najifunza. Video za bure kwenye simu, na daftari hili aliloliacha Loisi nusu. Nyuma naandika maneno, mbele siku zangu. Mimi niliishia darasa la nne.

Perisi aliolewa na Emre, fundi wa kuchomelea aliyekuja Dodoma kujenga reli. Akaenda naye kwao Uturuki. Mwaka wa tatu huu. Mimba ya kwanza ilitoka. Hii ina miezi saba. Siku ya kujifungua atakayemshika mkono ni Hatije, mama yake Emre, siyo mimi. Nataka niweze kumuuliza mwenyewe.

Perisi hajui kama najifunza. Naona aibu. Tena kuna jambo. Hatije kwenye simu anaongea kama mchungaji, mikono juu, dakika nzima. Perisi anatafsiri: "Mama, anakusalimia."

Jumatano, 6 Agosti

Upepo mkali. Hapa kwetu Msalato yote vumbi.

Kwa Kituruki kitendo kinakaa mwisho. Hujui mtu kaja au kafa mpaka msemaji amalize. Inabidi usubiri. Mimi si mtu wa kusubiri.

Kiswahili nacho nilijifunza. Nyumbani tulisema Kigogo tu. Siku ya kwanza shuleni nilijikojolea kwa kutojua kuomba ruhusa. Watoto walicheka mpaka mwalimu akacheka. Kwa hiyo najua lugha inaanza na aibu. Hii ya sasa hainitishi sana.

Loisi ananitania. "Mama, ukimaliza hapo nenda ukawe rais wao."

Mambo yao mengine yalinitisha kuliko maneno. Kijana anabusu mkono wa mzee, kisha anauweka kwenye paji lake la uso. Ndiyo shikamoo yao. Emre alinifanyia siku aliyokuja kujitambulisha. Kwetu mkwe hata kukaa karibu na mama mkwe hakai, seuze kumshika. Nilikimbilia jikoni. Maskini, akadhani nimemkataa. Alikaa uani na soda yake mpaka ikawa ya moto.

Na majani ya mzabibu wanakula! Wanazungushia wali. Sisi tunawapa mbuzi. Jana nilijaribu kupika. Bibi alionja, akaniuliza, "Huyo mkwe wako ana njaa kiasi gani?"

Jumapili, 10 Agosti

Tumepiga video baada ya kanisa. Perisi kavaa shungi kubwa, uso umejaa. Nikasema kanenepa. Akacheka.

Hatije akaja pembeni yake, akaanza maneno yake marefu. Nikasubiri mwisho. Nikadaka mawili. "Hospitali." Na jingine nililolipata kwenye katuni ya watoto, "analia."

Perisi akatafsiri. "Anashukuru kwa karanga, Mama. Anasema ni tamu."

Karanga nilituma mwezi wa nne.

Nimeandika hapa ili nisijidanganye kesho.

Jumatatu, 11 Agosti

Sili. Nimemwambia Baba Perisi. Akasema, "Wewe unajua maneno mawili ya watu, unataka kuanzisha msiba?" Nimemkasirikia. Kisha nikaogopa kuwa kasema kweli. Pengine analia mtoto wa jirani. Pengine hospitali iko karibu na soko, basi.

Nimerudia somo la wagonjwa mara tatu. "Hospitali" ndilo neno lenyewe.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimejua Perisi alijifunza wapi.

Mama yangu alipokufa nilikuwa Mpwapwa. Walinipigia: "Mama anaumwa kidogo, njoo." Nikapanda basi na maandazi ya mgonjwa. Ndivyo tunavyofanya. Aliye mbali hapigwi na habari mbaya, anasogezwa taratibu.

Na mwaka jana Baba Perisi alipolazwa kwa kifua, mimi ndiye nilimwambia Perisi baba yuko sokoni Kibaigwa na mahindi, simu haina chaji. Wiki mbili. Nilikuwa nasema hivyo nimesimama nje ya wodi, nacheka kabisa. Mpaka leo hajui.

Kwa hiyo sina pa kumlaumu. Lakini naogopa. Ile mimba ya kwanza ilipotoka, niliambiwa mwezi umeshapita.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimempigia Hatije mwenyewe, kwa video. Saa nne asubuhi. Nilijihisi mwizi, kumpita mwanangu nyuma.

Alishtuka. Nikaanza salamu, zote, mmoja mmoja, mpaka goti la Bibi. Hakunikatiza. Naye akawataja wa kwake mmoja mmoja. Hapo nikaona huyu ni mtu wa kwetu, hakimbilii habari.

Kisha nikasema sentensi niliyoifanyia mazoezi siku mbili. Niambie ukweli. Mimi ni mama.

Akafuta macho kwa shungi lake. Akaanza polepole, kama anamlisha mtoto. Akajifunga kitambaa mkononi akakikaza, nikaelewa: presha. Akaonyesha vidole viwili: kalazwa mara mbili. Akabonyeza mguu wake kwa kidole: miguu imevimba. Na lile neno, analia. Kila siku. Na jingine nililolielewa lote bila kulitafuta: Nilimwambia amwambie mama yake, hataki.

Nikauliza mtoto. Akaweka kiganja kifuani akakipigapiga. Moyo unapiga.

Theluthi nimeelewa, labda. Imetosha. Nikaenda kukaa ghalani.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeharibu.

Perisi alipopiga nikamwambia najua. Presha, kulazwa, miguu. Akauliza nani kaniambia. Nikajibu kwa Kituruki kwamba ni Hatije, nadhani nilitaka afurahi.

Hakufurahi. "Umenizunguka, Mama! Na yule naye! Mnanijadili kama ng'ombe wa mahari!"

Nikamwambia habari ya Kibaigwa. Kwamba baba yake alikuwa kalazwa, kwamba nilisimama nje ya wodi nikacheka. Kwamba mimi ndiye nilianza.

Akasema, "Ningekuja." Akakata.

Nimepiga mara nne. Hapokei.

Jumanne, 19 Agosti

Kimya. Hatije kaniandikia neno moja: amelala. Sijui kalala vizuri au kalazwa. Nimetafuta kwenye daftari, nimetafuta kwenye simu. Ni kulala tu, kwa usingizi.

Leo sikufungua video ya somo. Nimejiuliza nilijifunza kwa ajili yake au kwa ajili ya kumchunga asinifiche. Si kitu kimoja. Nadhani vyote viwili, na cha pili kilikuwa kikubwa.

Alhamisi, 21 Agosti

Asubuhi Perisi katuma sauti. Dakika sita. Hakuanza na habari nzuri.

Kasema presha imepanda tena, wanampima kila siku. Kasema anaogopa kumpoteza na huyu. Kasema pale wodini wanaongea haraka, anaitikia tu asionekane mjinga, kisha anamwuliza Hatije njiani. Kasema alikuwa ananificha kwa sababu mimi nikilia yeye hana tena mtu wa kumlilia. Mwishoni kauliza kifua cha baba yake, ukweli wake.

Nimesikiliza mara mbili. Baba Perisi mara moja, akatoka nje kufunga zizi lililokuwa limefungwa.

Nimemjibu kwa maandishi, maana sauti ingekatika:

Perisi, nimepata. Kifua cha baba kimebana toka Jumatatu, leo kakohoa kidogo, kala ugali wote. Huo ndio ukweli. Mimi nimelia, nimemaliza, nipo. Sitampigia Hatije tena bila wewe kujua. Wakishakupima leo niandikie, kabla hujafika nyumbani. Hata neno moja. Kwa lugha yoyote, nitasoma.