Kutosha Upepo ku Mashini ya Mama Élie

Jumatatu, 8 Agosti

Benoît ameamua! Mashini yetu ya kusaga inakohoa tangu juma lililopita, basi leo bwana yangu — mtu ambaye kiti kikilegea anaita jirani — amesema atabadilisha vipande yeye mwenyewe. Filtre ya mazutu (dizeli yetu), tuyo inamopita, na kichwa cha injecteur kinachoinyunyizia ndani. Eti aliona wakifanya kule Goma. Aliona! Mimi nimeona ndege ikiruka, je, niiendeshe?

Vipande vipya vimefika na moto, pikipiki ya kutoka Kitshanga. Amefunga vyote. Mikono nyeusi, uso mweusi, furaha tele. Tukazungusha manivele, ule mkono wa kuiwashia. Mashini ikasema: puf. Tena: puf. Basi.

Na Jumamosi Gentille, mdogo wangu, anaolewa hapa Ngungu! Mihogo ya karamu imekauka, iko kwenye mifuko, inangoja kusagwa. Mashini nyingine iko ng'ambo ya kilima na barabara imeoza. Harusi bila bugali ni mkutano tu.

Jumanne, 9 Agosti

Nimemwita fundi Viateur. Benoît amenuna, lakini amekuja kuangalia.

Viateur alifungua visi, skrubu ndogo juu ya filtre. Mapovu! Akasema: "Mama Élie, iko upepo ndani. Mukibadilisha vipande, upepo inaingia mu tuyo, mazutu haipiti tena. Tutaitosha, njo itawaka." Kumbe kuutoa upepo si kazi ngumu. Unafungua visi, mazutu inatoka na mapovu, unangoja mpaka itoke safi, unafunga. Halafu vilevile pale kwenye injecteur, huku mtu mwingine anazungusha manivele. Mtu mwingine alikuwa Benoît. Shati lake limepasuka mgongoni.

Iliwaka! Tuku-tuku-tuku! Nilicheza mbele ya watu. Kisha, kabla kikapu cha kwanza hakijaisha — kimya.

Viateur akakuna kichwa: "Upepo imerudi."

Sasa, jirani yetu Uwamariya alikuwa mlangoni na mihogo yake. Amesikia nusu. Amebeba kikapu, amekimbia barabarani akipiga kelele: "Mashini ya Mama Élie iko na pepo! Fundi anaitosha, inarudi!"

Upepo, dada! Upepo! Hakugeuka.

Jumatano, 10 Agosti

Hakuna mteja hata mmoja. Watu wanapita upande wa pili wa njia.

Viateur amerudi. Ametosha upepo tena. Imewaka, imekufa. Amebadilisha rondelle, zile pete za shaba za kuziba viungo, amekaza kila kitu. Imewaka, imekufa. Sasa haongei na mtu, anaongea na mashini tu. Hiyo nayo haisaidii — watu wanamsikia.

Mchana, mama ya bwana-harusi amepiga simu kutoka Kitshanga. Anauliza kwa adabu kabisa kama ni kweli bugali ya harusi itasagwa na shetani. Gentille amelia mpaka usiku. Anasema wakwe wakigeuka njiani, kosa ni letu, mimi na shemeji yake.

Alhamisi, 11 Agosti

Siku gani hii! Niandike polepole.

Asubuhi Mama Nyiramana, kiongozi wa maombi kanisani, amefika na wamama wake wote. Vitambaa vyeupe kichwani, ngoma mbili. Nikamwambia ni upepo, kama ule wa tairi. Akanishika bega: "Mama Élie, usiitetee." Akaingia, akaisimamia mashini: "Sema jina yako!"

Mashini kimya.

Benoît akasema kwa upole: "Mama, hii ilitoka Chine. Haijui Kiswahili."

Viateur si mjinga. Akaona mikono ile ya kulima maharagi, akasema: "Bamama, muimbe, lakini muimbe mukizungusha hii." Wakaishika manivele kwa zamu, wakizungusha kwa mdundo wa ngoma! Benoît hajawahi kuizungusha hivyo. Viateur akalegeza nati ya injecteur, na mazutu ikaruka — tsii! — moja kwa moja kwenye kitambaa cheupe cha Mama Nyiramana.

"Imenitemea mate!"

Ngoma zikaongezeka. Iliwaka, ikavumilia wimbo mzima, ikafa.

Hapo nikachoka. Nikapanda juu ya mifuko nyuma kuangalia kama mazutu imebaki. Tanki liko juu, karibu na mabati, hakuna anayelitazama. Nikakuta nini? Mfuniko umevikwa sachet ya plastiki, na juu ya sachet umezungushiwa kipande cha mpira wa tairi, mara nyingi, na fundo. Fundo lile nalijua. Mbuzi wetu anafungwa nalo kila jioni.

Nikafungua. FYUUUUU! Filimbi ndefu, kama mtu aliyezama anayepata pumzi.

"Imetoka! Imetoka!" Wamama wawili wameanguka chini. Uwamariya ameiona ikipita dirishani. Eti ina mkia.

Viateur akapanda, akatazama tundu dogo la mfuniko, akatazama sachet, akakaa juu ya mihogo akicheka machozi. "Tanki inapashwa kupumua, dada! Ukiziba hii tundu, mazutu inakatala kushuka!"

Nikamtazama Benoît. Akanong'ona: "Yeye njo alisema upepo inaingia. Nikafunga mulango, wakati ulikuwa unacheza."

Viateur akatosha upepo mara ya mwisho. Mashini imesaga mpaka giza. Mama Nyiramana ameondoka akiimba.

Ijumaa, 12 Agosti

Foleni mpaka kwenye kona! Wanasema unga wetu umebarikiwa. Mama mmoja ameleta redio iliyokufa tuiombee. Mwingine ameleta bwana yake. Unga wa harusi tayari. Mgongo unauma.

Pasta amepita: kesho, kabla ya viapo, nitoe ushuhuda.

Viateur amenivuta pembeni. Hacheki tena. "Dada Myriam, useme ukweli. Mashini ya muntu mwingine ikikufa, bataita ngoma, hapana fundi. Bibi yangu atakula ngoma?"

Benoît naye, kitandani: "Ukisema ile sachet, nitaitwa Papa Sachet mpaka kaburini. Tena mbele ya wakwe!"

Wote wawili wana haki. Ndiyo shida.

Jumamosi, 13 Agosti

Ndani ya kanisa. Naandika juu ya goti, watafikiri naandika mahubiri.

Gentille mzuri, jamani! Wakwe wamefika wote. Hawakugeuka njiani! Kwa sababu walisikia pepo imetoka — wamesema wenyewe.

Mama Nyiramana ameshatoa ushuhuda wake. Pepo imekuwa kubwa kama ng'ombe. Kila mtu anaitika. Viateur amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi, hasemi amina.

Pasta: "Sasa mwenye mashini atuambie alichokiona."

Vichwa vyote vimegeuka. Mama ya bwana-harusi ameshatoa leso. Benoît ananibana kiwiko: "Sema tu: ilitoka." Lakini haikutoka, Papa Élie! Iliingia! Tanki lilikuwa linavuta pumzi!

Mungu wangu, kicheko. Kimeanzia tumboni. Nainama, mabega yanatikisika, wanadhani nalia, wamama wameanza kuimba taratibu kunitia moyo. Gentille ananitazama. Yeye ananijua. Anatingisha kichwa: hapana, dada, hapana —

Lazima nisimame. Kimefika shingoni, na mdomo lazima niufungue —