Frigo Sawa

Beni, tarehe 14 mwezi wa sita

Kwako Yaya Hulda, dada yangu mkubwa,

Ninakusalimu kwa jina la Yesu, wewe na shemeji na watoto wote. Mumeamkaje huko Luofu? Goti lako limepoa, ao bado linakusumbua ukipanda kwenye shamba la viazi? Na Mama, kikohozi kimemwachia? Mimi niko muzima. Mwili umechoka, mais moyo unacheza, na utaona sababu yake huko mbele.

Unajua depo ninakofanyia kazi inatunza chanjo za kuku na mbuzi. Zinakaa ndani ya frigo kubwa, na joto likiingia saa chache tu, zimekufa. Kando ya frigo kuna ordinateur, kompyuta ndogo inayouliza kipimo cha baridi kila dakika kumi. Aliyeipangia kazi hiyo ni Christa, fundi wa bureau, ofisi yetu ya Butembo. Mpango wake anauita script: ni amri zilizoandikwa kwa mstari, mashine inazifuata moja moja bila kuchoka.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, Nassoro, dereva wetu, alileta karto arobaini za chanjo saa tatu asubuhi. Tukazishusha na kuziingiza. Jioni Chef Stanislas, mkubwa wetu wa depo, akafungua frigo, akakuta alama ya rangi kwenye kila karto imegeuka nyeusi. Zote zimeharibika, na watu wa Musienene wanazingojea, kuku wao wanakufa. Akafungua fichier, mahali mashine inapotunza maandishi yake: tangu asubuhi hadi jioni imeandikwa FRIGO SAWA, FRIGO SAWA. Akasema mashine haidanganyi, donc ni mimi niliyeacha karto juani. Nikamwambia kwamba mchana niliona maneno mengine kabisa kwenye ecran, kioo cha mashine. Akanijibu mbele ya watu wote: "Acha bongo, Éliakim, usinidanganye! Weye ulifika cinquième primaire, darasa la tano tu, ungesoma nini pale?" Akanituma nyumbani nikangoje barua ya kufukuzwa.

Nilingoja siku nane. Kufukuzwa ningevumilia, mikono ninayo. Mais Beni ni mji wa maneno, na jina la mutu aliyeua kuku za Musienene lingenitangulia kwenye kila mlango wa kazi.

Siku ya tisa Christa akafika kutoka Butembo ndani ya gari la Nassoro. Wakanipitia nyumbani. Nassoro akasema nipande upesi, fundi anataka kumuuliza mutu aliyekuwa pale, si mutu aliyesikia tu.

Christa alisoma script yake, kisha akashika kichwa. Akatueleza polepole. Mashine ina vinywa viwili: kimoja cha habari za kawaida, kingine cha makosa. Yeye alikuwa amekinga maneno ya kinywa cha kwanza tu ili yaingie kwenye fichier. Makosa yalikwenda kwenye ecran peke yake, na ecran haitunzi kitu. Mstari mupya ukija, wa zamani unapanda na kupotea. Tena alitumia amri inayoitwa echo, ambayo inatamka tu kile ulichoiambia itamke. Aliiambia itamke FRIGO SAWA kila mwisho wa zamu ya dakika kumi, hata kipimo kisipojibu. Akasema mbele ya Chef kwamba kosa ni lake. Yaya, sijawahi kuona mutu wa bureau akisema neno hilo.

Chef akajibu kwamba hayo ni mazuri, mais kama maneno ya kinywa cha pili yamepotea, ni nini kinaonyesha kwamba niliyaona? Ndipo nikatoa kaye yangu, daftari la kujifunzia. Nikipata mapumziko ninakopi maneno ya ecran ili nijifunze Kifaransa. Siku ile nilikuwa nimeandika: "Saa nane na dakika kumi, capteur ne répond pas." Na chini yake: "Saa kumi, capteur ne répond pas." Hata sikujua capteur ni mnyama gani; kumbe ni kile kipimo, na maneno yanasema hakijibu.

Chef ni mutu wa Kinshasa. Akasoma, akacheka sana. Akasema saa nane depo ilikuwa ingali imefungwa na karto ziko njiani, kwa hiyo kaye ni bongo kama mwenyewe. Nassoro ndiye aliyepiga makofi: "Aah, Chef! Saa nane yetu hapana huit heures yenu ya asubuhi. Ni quatorze heures, mchana! Ile saa ulikuwa mgahawani kwa Mama Rachida unamaliza foufou, mimi mwenyewe nilikupeleka!" Watu wakacheka mpaka walinzi wa barabarani wakachungulia. Chef akahesabu kwa vidole, akanirudishia kaye.

Tukavuta frigo kutafuta sababu. Nyuma yake, prise ya umeme inayolisha frigo pamoja na kipimo ilikuwa nyeusi, imeungua. Courant ilikuwa inakatika na kurudi yenyewe. Chef akanipa mkono, akaniomba msamaha kwa Kiswahili. Kiswahili kibaya, mais nilikisikia chote.

Siku ile ile Christa aliandika script upya, akaniketisha kando yake. Akasema echo inatosha kumwambia neno mutu aliyesimama mbele ya ecran. Kwa habari ya kutunzwa alichagua amri ingine, printf, inayopanga tarehe, saa na uzito wa jambo vizuri kama mistari ya maharagi. Vinywa vyote viwili sasa vinaingia kwenye fichier. Nikamwomba jambo moja: mashine isiseme SAWA bila kutaja digri ya joto iliyoiona. Akaniangalia, akaandika hivyo hivyo. Kisha akamwambia Chef kwamba musomaji wa fichier, asubuhi na jioni, awe mimi. Chef akakubali. Karto zingine zilikuja, zikafika Musienene zikiwa baridi, mimi ndiye niliyetia sahihi.

Yaya, sasa nikuambie kitu. Miaka miwili nimekuandikia kwamba mimi ni commis, karani wa bureau. Si kweli. Ninabeba karto na bidon za mazout, madumu ya dizeli. Mwaka jana bega la kuume lilitoka, nikalala wiki tatu kwenye mkeka, nami nikakuandikia kwamba yote yanaenda vizuri. Nilikuwa kama ile script: Éliakim sawa, Éliakim sawa. Ninajua Mama amewaambia wamama wa kanisa kwamba mtoto wake anafanya kazi ya kalamu. Umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Akikasirika, mwache akasirike.

Msalimie shemeji, na mtoto wetu Gracieuse, na wote wa nyumba ya sala. Nawe ukinijibu, uniandikie na mabaya pia: nani amegonjwa, shamba gani limeharibika. Wasingya, asante, Yaya. Mungu awalinde.

Mudogo wako,
Éliakim, mubeba mizigo