Nakala ya Kesi ya Baba

Jumatano jioni, Masuguru.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, imekatika nilipokuwa nashuka stendi. Sketi imelowa hadi magotini, viatu nimeviacha mlangoni na tope lake jekundu. Kwenye mkoba nilikuwa na karatasi nne tu ndani ya jalada la plastiki, lakini njia nzima kutoka Handeni nimeupakata ule mkoba kama nimebeba mayai.

Nimechoka. Lakini nisipoandika leo sitaandika tena.

Baba yangu ana ugonjwa wa kusahau. Amesahau jina la mjukuu wake, njia ya kwenda msikitini, na kwamba Mama alishafariki. Kitu kimoja hajakisahau. Kila baada ya siku chache anaamka alfajiri, anavaa shati jeupe na koti, anakaa barazani kungoja basi la Handeni. Ukimuuliza anakwenda wapi anakujibu kwa adabu, kama anaongea na askari: "Nina kesi leo. Nisipofika watatoa hati ya kunikamata."

Kesi hiyo ilikuwepo kweli. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Baba alikuwa dereva. Alianza na trekta la kuvuta mkonge kwenye shamba moja upande wa Mnyuzi, akapata leseni kubwa, akapewa basi la kutoka Korogwe kwenda Handeni hadi Kang'ata. Barabara ilikuwa ya vumbi wakati ule. Alifunga kitambaa shingoni, na jioni alipokifungua shingo ilikuwa na mstari, juu nyekundu chini nyeusi. Sisi wanawe tulipigania kumfuta.

Siku za likizo alikuwa ananichukua. Nilikaa juu ya boneti ya injini iliyokuwa mle mle ndani ya basi, pembeni yake, kwenye gunia lililokunjwa ili nisiungue na joto la injini. Nimepanda magari mengi tangu hapo na sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale. Watu walimsimamisha njiani bila kupanda, wakampa salamu, barua, dawa, kuku wa mtu. Hakuandika popote. Tukifika Kang'ata alikuwa anamkumbuka kila mmoja na mzigo wake.

Baba yule yule ndiye leo asubuhi aliniita dada, akaniuliza kama nimemletea maji ya kuoga, huku nywele zake zikiwa bado zinadondosha maji.

Ajali ilitokea mwaka nilioanza darasa la kwanza, karibu na Kang'ata. Msichana wa shule alikuwa anavuka na ndoo ya maji kichwani, basi likamgonga. Baada ya hapo Baba alikwenda mahakamani, akarudi, akakaa nyumbani, na hakushika usukani tena maisha yake yote. Alilima mahindi na machungwa Mnyuzi mpaka magoti yalipokataa. Kesi iliishaje, hakutuambia. Mama naye kama alijua, aliondoka nalo.

Mdogo wangu Saidi, tunayeishi naye hapa tukimtunza Baba, ndiye aliyepata ile njia ya kumtuliza. "Mwambie imeahirishwa," alisema. Tukawa tunamwambia hivyo. Baba anavua koti, anaingia ndani. Lakini nilianza kuona kwamba usiku hapati usingizi. Anauliza imeahirishwa hadi lini, anahesabu siku kwa vidole. Tulikuwa tunamrefushia kesi kila wiki kwa mdomo wetu wenyewe.

Ndiyo maana wiki mbili zilizopita nilikwenda masjala ya mahakama.

Karani alikuwa mama wa rika langu, miwani imeshuka puani. Nilimweleza natafuta nakala ya kesi ya trafiki ya zamani. Akaniuliza namba ya kesi. Nikasema sina, nina jina na mwaka tu.

"Mwaka una uhakika nao, dada?"

"Ni mwaka nilioanza shule."

Alinitazama kidogo, akanipa karatasi niandike barua ya maombi, akaipokea pamoja na kivuli cha kitambulisho cha Baba na barua ya mtendaji wa mtaa. Kisha akashusha rejesta ya kesi za trafiki ya mwaka ule, daftari kubwa ambalo jalada lake limeshikwa kwa uzi. Alikuwa anashuka na rula mstari kwa mstari, nami naruhusiwa kutazama kwa upande wangu wa meza.

Sikutegemea yale majina. Kuzidisha abiria, kuendesha gari bila taa, kuendesha kwa uzembe, na mbele ya kila kosa dereva niliyemjua. Yule aliyekuwa anapuliza honi mara tatu akipita kwetu ili mke wake aweke ugali motoni. Yule mnene aliyetugawia miwa. Yule ambaye Mama alisema ana sauti nzuri ya kusoma Kurani kuliko imamu. Stendi nzima ya utoto wangu ilikuwa kwenye kurasa zile, wote wameshtakiwa. Nilicheka peke yangu, halafu macho yakajaa, na karani akajifanya hajaona.

Rula ikasimama kwenye jina la Baba. Namba ya kesi ilikuwepo. Safu ya matokeo ilikuwa imelowa zamani, wino umesambaa, haisomeki.

"Faili lenyewe nitalitafuta stoo," alisema. "Za miaka ile siwezi kukuahidi. Nikilipata nitakupigia."

Jana alinipigia.

Leo nimesaini, nikakabidhiwa nakala yenye muhuri, nikatoka nayo hadi kwenye benchi la nje, chini ya paa, mvua inapiga bati. Kurasa nne. Sikuzifungua mara moja, na sababu ya kutozifungua ndiyo ninayotaka kuiandika, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Hata Saidi.

Siku ya ajali nilikuwa kwenye boneti.

Upande wa kushoto kulikuwa na nyani, kundi zima, na mmoja amebeba mtoto mgongoni kama mwanamke. Nilimvuta Baba mkono wa shati. Nikamwambia, "Baba, angalia." Akaangalia, akatabasamu. Kisha nikasikia ndoo.

Nimeishi na sauti ya ndoo ile hadi leo, na mimi ni mwalimu, nasikia ndoo kila siku ya Mungu shuleni.

Kwa hiyo pale kwenye benchi niliogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba yule msichana alikufa baadaye na tukafichwa. La pili, kwamba nitajikuta mle ndani, nimeandikwa: mtoto wa mshtakiwa alimsumbua dereva.

Mwenendo wa kesi umeandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza, kama walivyokuwa wakiandika. Baba hakujua Kiingereza. Alisema maneno yake kwa Kiswahili chake kile cha polepole chenye Kizigua ndani, na hakimu akayageuza. Mimi nimekaa pale benchini nikiyarudisha, sentensi moja moja, nikijaribu kusikia angeyasemaje.

Alisomewa shtaka la kuendesha kwa uzembe na kusababisha majeraha. Akakiri kosa. Mwendesha mashtaka akaeleza kwamba majeruhi alivunjika mguu wa kulia, alitibiwa hospitali kwa fomu ya polisi, ameruhusiwa, anatembea na amesharudi darasani.

Nilisoma mstari huo mara nyingi. Amesharudi darasani. Jina lake lipo, sitaliandika humu.

Kisha hakimu akamuuliza Baba kama ana la kusema kabla ya adhabu. Wengi hapo huomba huruma, hutaja watoto na wazazi wazee. Maneno ya Baba ni mistari mitatu. Nimeyarudisha hivi:

"Macho yangu yaliondoka barabarani. Hakuna aliyenisumbua, mbele nilikuwa peke yangu. Kosa ni langu, namuombea yule mtoto mguu wake upone."

Mbele nilikuwa peke yangu.

Wala hakuna aliyemuuliza alikuwa na nani. Nimetafuta swali kwenye kurasa zote nne na halipo. Alisema mwenyewe, mbele ya hakimu, ili jina langu lisije likaingia kwenye karatasi yoyote.

Adhabu ilikuwa faini na kusimamishiwa leseni mwaka mmoja. Faini ikalipwa siku ileile. Mwaka wa leseni ukaisha nikiwa darasa la pili. Angeweza kurudi kwenye usukani, watu wa basi walikuja kumbembeleza hadi nyumbani, nawakumbuka, Mama akawapikia chai. Hakurudi. Nilikua nikidhani amekatazwa na serikali.

Nimefika nyumbani Baba yuko barazani, shati jeupe, koti limefungwa vifungo vyote. Saidi alikuwa amechoka. "Amekaa hapo tangu ulipoondoka asubuhi," akaniambia. "Hata chai amekataa."

Nilimwamkia Baba, nikavuta kigoda nikakaa karibu na magoti yake. Nikamwambia nimetoka mahakamani Handeni. Akanyooka.

"Hakimu amesemaje?"

"Kesi imekwisha, Baba. Ulilipa faini, ukamaliza adhabu. Faili limefungwa." Nikamwonyesha muhuri. Aliupapasa kwa kidole gumba kwa muda mrefu. Dereva wa zamani anaheshimu muhuri.

Nilidhani hapo ndipo atapumua. Miezi yote hii nilikuwa naamini anaogopa jela. Lakini aliendelea kunitazama kama mtu ambaye bado hajajibiwa.

"Na yule mtoto?"

Nikamsomea. Mguu ulivunjika, ukatibiwa, anatembea, amerudi darasani. Akataka nirudie pale pa kutembea. Nikarudia. Akanyoosha mkono, akafungua kifungo cha juu cha koti, kisha cha pili, bila mtu kumwambia.

"Alikuwa mwembamba sana," alisema. "Nilimbeba mwenyewe."

Hilo sikulijua. Mimi nilikuwa nimejifunika uso na gunia.

Saidi alikuwa ameingia jikoni. Nikaona nikikaa kimya leo nimekaa kimya milele. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Baba, mimi ndiye niliyekuvuta shati. Mimi ndiye niliyekuambia uangalie nyani."

Alinitazama. Na naapa alinijua, hakuniona dada yake wala Mama. Aliniita kwa jina langu, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani.

"Mwajuma, wewe siku ile ulikuwa nyumbani na mama yako."

"Nilikuwa kwenye boneti, Baba."

"Ulikuwa nyumbani," alisema, taratibu, jinsi alivyokuwa akisema zamani akishafunga jambo. "Mbele nilikuwa peke yangu."

Kisha akaomba chai.

Sasa amelala, ndiyo kwanza isha imeswaliwa, na Saidi anasema hajamsikia akihesabu siku. Nimekaa hapa na kurasa nne nisijue nimepewa nini. Labda ni ugonjwa tu. Ubongo umeokota sentensi niliyotoka kumsomea. Ila nikipitia upya nilivyomsomea, nakumbuka vizuri kwamba mistari ile mitatu niliiruka. Nilimsomea hali ya yule mtoto tu, nikaishia hapo.

Kama ataniuliza habari ya kesi asubuhi, nitamsomea tena, na safari hii sitasema imeahirishwa. Hilo nimeshaamua. Nisilolijua ni hili jingine: nimwombe tena msamaha akiwa na siku njema ya kunifahamu, au nimwache aendelee kuamini, au kusema, kwamba nilikuwa nyumbani?