Diski ya Baba Haitundikwi Tena

Ranchi ya Tveit,
Karibu na Lewistown, Montana.
3 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Orrin,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Alaska, na kwamba mgongo haukusumbui kwa baridi ya huko kwenye bomba la mafuta. Hapa theluji ya kwanza imeanguka, na ng'ombe tumeshawashusha kutoka malisho ya juu. Mama anakula vizuri na anakusalimu. Mume wangu Clell naye hajambo, ila goti lake ni lile lile. Nimekusalimu kama tulivyolelewa. Sasa nina hasira na wewe, na nitaisema yote.

Juzi ulimpigia Mama simu ukamwomba ile diski ya plau ya Baba itundikwe tena utakapokuja Sikukuu ya Shukrani, tupige shabaha kama ilivyo desturi ya ukoo. Ukamwambia lililotokea Septemba ni ajali tu. Hukuuliza habari za Marit. Mama alisubiri uulize, ukakata simu.

Basi nikupe mimi habari za binti yangu. Daktari wa Billings ameshampasua mara mbili. Jicho la kulia linaona mwanga na kivuli, basi, na ametuambia tusitegemee zaidi ya hapo. Yule rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, aliyekuwa amchukue Marit kumfundisha kazi, amesema kwa upole tusubiri kwanza. Najua maana ya "tusubiri kwanza". Marit anaijua pia, na tangu siku ile hatazami juu ndege ikipita.

Unasema ajali. Acha nikukumbushe, maana kumbukumbu yako huwa fupi pale inapokufaa. Tulikuwa tunajaribu bunduki kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, na pai ya cheri ya Mama ilikuwa mezani ikimsubiri wa kwanza kuiliza diski. Ulipiga kutoka kwenye ua kule mbali, ukakosa. Ukapiga tena, ukakosa. Binamu yetu Dag akakuuliza, "Vipi, Orrin, huko Alaska mnawinda barafu?" Watu wakacheka. Ukachukua bunduki ya Baba, ukashuka nayo hadi kwenye hori la maji, mahali ambapo hata Mama angeweza kuipiga ile diski kwa jiwe.

Marit alikuwa pembeni ya gari, amevaa miwani yake ya kujikinga. Akakwambia, "Mjomba, hapo karibu mno. Na hiyo diski imejaa mashimo."

Ukamjibu, "Acha woga, mwanangu. Babu yako alipiga hapa hapa miaka nenda rudi, na amezikwa na macho yake yote mawili. Na hiyo miwani vua, unafanana na mwalimu wa kemia."

Watu wakacheka tena. Mtoto akaona haya, akaivua. Mzaha mzaha, Orrin, hutumbuka usaha.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba diski ililia, wewe ukageuka ukicheka na kusema, "Mmesikia?" na mwanangu ameshika uso kwa mikono miwili, kipande cha risasi kimemrudia jichoni.

Sasa sikiliza, maana Baba hakutufundisha haya, na pengine hakuyajua. Ile ni diski ya plau. Chuma chake kilitengenezwa kukata udongo, si kupokea risasi ya bunduki ya kuwindia. Kila risasi inachimba kishimo, na risasi inayofuata ikiingia kishimoni haipasuki kwenda pembeni, inarudishwa kwa aliyeipiga na waliosimama naye. Tena ile diski imebonyea kama bakuli, na bakuli lenyewe mmelielekeza kwetu miaka yote. Baba hakuwa hodari kuliko sisi. Alibahatika, na wewe umeigeuza bahati yake kuwa sheria ya ukoo.

Eti utakata bamba jipya kwa moto wa gesi kutoka kwenye mabaki ya chuma huko kazini, utuletee. Usilete. Hujui ni chuma gani, na hata kingekuwa kigumu, moto wa gesi unakilainisha pale ulipopita. Mimi na Clell tumeshanunua bamba linalotengenezwa kwa kazi hii, lililokomazwa, bapa, uso wake laini kama meza. Limening'inia kwa minyororo, limeinamia mbele ili vipande vya risasi vishuke ardhini, na nyuma yake ni kilima kitupu. Tumelipaka rangi nyeupe. Kabla ya kupiga, mtu analikagua, na siku litakapoonyesha kishimo linashushwa, hata kama limepigwa na mtume.

Bunduki ya kuwindia haitalipiga kutoka chini ya yadi mia moja. Nimepigilia kigingi chekundu hapo, na Dag mwenyewe, mpenda mzaha yule, ndiye aliyenishikia. Zile risasi zako zenye chuma ndani uziache huko huko, maana zinatoboa bamba. Na kila mtu atavaa miwani, anayepiga na asiyepiga, hadi Mama kwenye kiti chake. Mama ameshachagua yake, anasema inampendeza.

Diski ya Baba aliishusha Mama mwenyewe. Nilidhani atalia, kwa kuwa Baba ndiye aliyeitundika mwaka waliooana. Aliiburuta hadi kwenye rundo la vyuma chakavu, akapangusa mikono kwenye aproni, akasema, "Mume wangu nitamkumbuka kwa mengine." Ikiwa mjane wake ameweza, wewe unang'ang'ania nini?

Nilitaka kukuandikia usije. Niliiandika hiyo barua, nikaitia kwenye jiko la kuni, kwa sababu Marit alinikataza. Amejifunza kulenga kwa jicho la kushoto, bunduki kwenye bega la kushoto, na Jumapili aliliza bamba jipya kutoka kwenye kigingi. Pai aliikata yeye. Nililia, na sioni aibu kukwambia.

Nisalimie mkeo Tova na mapacha wenu, uwaambie shangazi yao amewafumia soksi. Dag na Clell wanakusalimu, Clell kwa shingo upande. Mungu akulinde barabarani, akupe na moyo wa kuomba msamaha mbele ya watu, kama ulivyokuwa na mdomo wa kucheka mbele ya watu.

Kwenye kifurushi hiki utakuta miwani. Ni ile ya Marit, uliyomwambia aivue. Itazame vizuri, haina hata mkwaruzo. Nilimuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake, akasema, "Mwambie Mjomba aje. Ila afike getini ameivaa."

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo, ingawa leo ni kwa shida,

Verna