Mashavu ya Elinuru

Shume,
9 Juni 1994

Kaka yangu Timotheo,

Shikamoo. Natumaini ulishuka Mombo salama, na wifi na watoto hawajambo. Sisi tunamshukuru Mungu kwa uzima, ingawa tangu tumzike Elinuru kula kunanishinda. Mama anakusalimu sana. Bado anawasimulia watu ulivyovuka maporomoko ya udongo kwa miguu ukawahi mazishi, ukalibeba jeneza la mpwa wako mwenyewe.

Kaka, tangu serikali iruhusu maduka ya dawa ya watu binafsi, nawe ukafungua lako huko Mombo, wewe ndiye daktari wa ukoo wetu, nasi tulijivuna. Utakumbuka mwaka jana Elinuru alipobanwa koo, akikohoa kama mbwa anayebweka. Hospitali walimpa vidonge vidogo vyeupe, kesho yake akacheza. Nilipokuonyesha pakiti ulisema dawa hiyo unayo dukani, nisihangaike tena na foleni. Kila kifua kilipombana nikampa. Mwishowe nikawa nampa kila siku, maana baridi ya huku unaijua, na siku nisipompa alinyong'onyea.

Akanenepa. Mashavu yakajaa, uso ukawa duara, wanawake sokoni wakaniuliza namlisha nini. Sisi tuliokua tukilala njaa, mtoto mnene tunammwagia sifa, hatumpeleki kwa daktari. Nilijidai, nikawaelekeza dukani kwako.

Mvua ilipokata barabara ya Mombo, vidonge viliisha. Sikujali, nikaona ana afya ya kutosha. Akapata homa, akatapika, akalegea mikononi mwangu. Tulipofika hospitali alikuwa hasemi tena.

Sasa nikwambie nililokuficha matangani, maana ulilia mno nikakosa moyo. Daktari aliyaona mashavu yale kabla sijafungua kinywa. Alisema dawa ile ni nzuri, huokoa mtoto aliyebanwa koo, lakini ni ya siku chache tu. Ikizoeleka, mwili huacha kujitegemea, na ikikatika ghafla mtoto huanguka. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamjibu nilinunua kwa mmachinga nisiyemjua. Mwanangu anakata roho, nami nahangaika kuficha jina lako.

Siku ya kuanua matanga, mwezi uliopita, ulimwachia jirani yetu Mwanahawa vidonge vya mwanawe Twaha. Najua ulifanya kwa huruma. Jana nimemwona Twaha amebebwa mgongoni, na mashavu yake yameanza kujaa. Mama yake anacheka kwa furaha.

Nimemsihi asimkatishe dawa ghafla, na Jumatatu nitampeleka mwenyewe hospitali. Daktari ataniuliza tena, na safari hii nitakutaja. Barua hii nampa dereva wa lori la kabichi ikufikie mapema. Panda tukutane huko, useme kwa kinywa chako, na uwataje watoto wengine uliowapa. Usipokuja nitasema mimi, na itaniuma maisha yangu yote.

Msalimie wifi, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mama hajui lolote bado.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Klara