Makala Yenye Maboksi Meusi

Jumatatu, 3 Machi
Macho yanawasha. Makala za historia ya sanaa za idara yetu, zilizofungiwa kabatini miaka yote, sasa ziko mtandaoni, bure kwa yeyote mwenye simu. Au tuseme maneno yake yako. Picha hatuna ruhusa nazo, kwa hiyo kila penye mchoro pana boksi jeusi. Mama amefungua kwenye simu yake, akauliza kama umeme ulikatika. Sikucheka. Baadaye, bafuni, nikacheka.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwandikia mjane wa mchoraji mmoja kuomba ruhusa ya picha. Nikaambatisha makala yenyewe kuhusu marehemu — iliyoandikwa na Profesa, mwalimu wangu, aliyenipa kazi hii ya kuweka makala mtandaoni. Adabu tu. Sikuwa nimeisoma tangu mwaka wa kwanza.

Ijumaa, 7 Machi
Mjane amepiga simu. Sauti ya upole, ndiyo inayotisha. Kumbe hakuna aliyewahi kumpa asome. "Mwanangu, hapa imeandikwa marehemu mkono wake mzito, rangi zimepooza. Halafu mnataka niwape picha?" Nikasema samahani, mama. Akasema nimpeleke aliyeandika, aje aseme mbele ya picha.

Profesa hataki niguse hata nukta. Makala ya kitaaluma haipakwi poda, anasema. Sawa. Lakini hizo rangi ulizionea wapi, Profesa? Kwenye picha za kamera, anasema. Nyeusi na nyeupe.

Rangi zimepooza! Nimechoka hoi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelala mchana kutwa. Mama: "Kazi gani hiyo ya kukaa, unachoka kama mbeba zege?" Nikiiondoa makala, nimerudisha kufuli kabatini. Nikiiacha, inamsema marehemu kwenye kila simu, na hana hata picha moja ya kumtetea.

Jumanne, 11 Machi
Profesa amekuja, shingo upande. Naandika kibarazani kwa mjane; ameniambia nikae nje, haya ni ya watu wazima. Picha ziko sebuleni. Niliziona nikivua viatu — njano iliyonisahaulisha mguu wa pili.

Mjane amemsomea aya yake, polepole, neno kwa neno. Amemaliza. "Haya, Profesa. Iliyopooza ni ipi? Nionyeshe kwa kidole."

Feni inazunguka.

Sasa namsikia Profesa. Anaomba pazia lifunguliwe, aone vizuri.