Mlango wa Juma

Babu yangu,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi, mkeo mdogo, niliyekuwa nikikuletea uji ukamwambia bibi, "Mke mwenzio huyo, mpishe." Leo nina wajukuu wangu mwenyewe, na nimechoka.

Wezi wameingia tena kwa mlango wa nyuma. Safari hii wamebeba mtungi wa gesi. Mwanangu Mwanamisi, anayefanya kazi hotelini Galu, amekuja juu: "Mama, nyumba gani hii mlango hauna komeo? Uzibe!" Jibu la hilo unalo wewe.

Tukiwa watoto tulidhani ni woga. Uhuru ulishakuja, lakini gari la serikali likiingia tu Munje, wewe ushafika vichakani. Hata karani wa sensa ulimkimbia, bibi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha siku moja, tukimenya mihogo, ukanieleza. Askari wa chifu walikuja alfajiri, msimu wa palizi, kusomba wanaume wakakate mkonge kwa mzungu. Kazi ya lazima. Ukikataa ni kiboko na jela. Wewe ukatorokea mlango wa nyuma. Mdogo wako Juma alikuwa na homa, miguu haikumbeba. Wakamwinua kitandani, wakaenda naye. Mwaka ule mashamba yakaliwa na magugu, njaa ikaingia, na Juma hakurudi. Hakuna aliyeambiwa kama alikufa, wala alizikwa wapi.

"Akija atapitia nyuma, barabarani ataogopa," ulisema. Ndiyo maana ulikataza mlango ule kutiwa komeo, ukakataa pia asomewe hitma kama marehemu. "Nitamsomeaje mtu aliye njiani?"

Lo, babu, umetuachia kazi nzito! Bibi alimsubiri, mama akamsubiri, nami namsubiri mtu nisiyemjua hata sura. Hasira ninazo pia. Si kwako, ni kwa waliomchukua wakaenda zao na hakuna aliyewauliza.

Ijumaa baada ya sala tutamsomea Juma, kwa ubani na pilau, kama mtu mwenye watu wake. Jumamosi fundi atauziba mlango kwa matofali. Usininunie. Kama mmeonana huko, niombee radhi kwake, umwambie hatukumfungia. Tulimngoja mpaka tukachoka.

Mkeo mdogo,
mjukuu wako wa Munje